Alhamisi ya Kuosha Miguu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea bondeni ni kwamba Mama Simba alikunywa maji ya tope. Kama kila asubuhi, alikuwa wa mwisho kisimani. Wanyama wote walikwisha kunywa, naye akainamia kilichobaki, akanywa, akainua kichwa.

"Yana udongo kidogo," alimwambia mumewe, "lakini yananyweka."

Simba akampangusa tope jeusi kidevuni. Mchana huo Mama Simba alilala kivulini, asiamke tena.

Kiangazi kiliendelea kana kwamba hakuna aliyekufa.

Desturi ya bonde ilikuwa kwamba mfiwa hachoti maji. Huchotewa na majirani mpaka siku atakayotoka mwenyewe kwenda kisimani. Simba hakutoka. Alikuwa mfalme wa bonde na mzee wa kanisa lao, na tangu zamani aliona kwamba mwisho wa foleni haumfai mwenye manyoya kama yake. Alikuwa akisimama pale kwa sababu mkewe alisimama pale. Sasa hakuwa na sababu.

Fisi alifika kutoa pole kabla ya wengine.

"Mzee wangu, wewe lala," alisema. "Mfiwa hasumbuliwi. Kisima nitakilinda mimi."

"Na wewe utakunywa kiasi gani?"

"Mimi? Kwa huzuni hii, maji hayapiti kooni."

Simba akamkabidhi kisima. Fisi akakizungushia miiba, akawa anawapimia wenzake maji kwa ganda la konokono. Aliyelalamika alielezwa kwamba huu ni ukame, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini maji yalipungua kuliko ukame ulivyoweza kuyapunguza. Wanyama walikonda. Fisi alinenepa, akasema ni uvimbe wa majonzi.

Alhamisi kabla ya Pasaka, wanyama wakiwa wamekusanyika mbele ya mwamba uliokuwa kanisa lao, Fisi alimleta Digidigi, mjane mwenye mtoto mchanga.

"Mwizi wa maji huyu hapa," alisema. "Nyayo zake zimejaa kandokando ya kisima. Naomba afukuzwe leo hii, yeye na mtoto wake, waende nyikani."

Nyikani hapakuwa na maji wala kivuli. Kufukuzwa huko kulikuwa kuuawa, ila polepole.

"Nilikwenda kuomba, baba," Digidigi alimwambia Simba. "Mtoto alikuwa ameacha kulia, nikaogopa. Fisi akanifukuza."

"Tangu lini mwizi akaomba?" Fisi akacheka.

"Ndiyo hivyo," alisema Digidigi. "Mimi niliomba."

Simba alikuwa amechoka. Alitaka kurudi pangoni. "Kama nyayo ni zake," alianza, "basi..."

"Samahani, mzee," alidakia Sungura, ambaye masikio yake yalikuwa yameinuka tangu Fisi aanze kusema. "Leo ni siku ya kuosha miguu. Kwa desturi yetu hakuna hukumu kabla ya miguu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila mwaka, siku hiyo, kabla ya shauri lolote, mkubwa wa kanisa aliinama akaosha miguu ya kila mmoja, kama Bwana Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Miaka yote aliyeinama ni Mama Simba. Simba alishika taulo. Alilishika vizuri.

"Maji yatoke wapi?" Fisi alifoka. "Bwana mdogo, sisi tuna kiu, wewe unataka tuoge!"

"Nimeleta mgao wangu," alisema Sungura, akamimina ganda lake la konokono ndani ya bakuli. Kobe akamimina lake. Hata Ngiri, ambaye hakuwahi kuona faida ya kunawa, akamimina lake. Maji yakafunika kitako cha bakuli.

Wote wakamtazama Simba. Taulo lilikuwa begani mwake, na hapakuwa na mwingine wa kuinama.

Simba akainama. Magoti yalimlia. Alianza na Digidigi, ambaye kwato zake zilikuwa zimepasuka, na ndani ya kila ufa mlikuwa na vumbi jekundu la bondeni. Maji yalidondoka juu ya jiwe yakiwa mekundu. Mtoto wa Digidigi akasogea, akayalamba.

Simba alingoja mtoto amalize.

"Fisi," aliita.

"Mimi nimenawa nyumbani, mzee."

"Petro naye alikataa mwanzoni," alisema Sungura.

"Mimi si Petro."

"Hilo tunalijua," alisema Kobe.

"Lete mguu," alisema Simba.

Fisi akatoa mguu, kucha zikiwa zimekunjwa. Simba akazikunjua moja moja. Katikati yake mlikuwa na tope jeusi, bichi, lenye kunata. Bonde zima lilikuwa vumbi jekundu. Tope la namna ile lilikuwa mahali pamoja tu, chini kabisa ya kisima. Simba hakuhitaji kuambiwa. Alikwisha kulipangusa kwenye kidevu cha mkewe.

"Hili ni nini?"

"Nilikuwa nakagua kina cha maji, mzee."

"Kwa mguu?"

"Kazi ni kazi."

"Lete mwingine."

Wa pili ulikuwa na tope. Wa tatu na wa nne vilevile.

"Ukaguzi wa kina sana," alisema Sungura.

Ngiri akaruka juu. "Nyikani! Adhabu ameitaja kwa mdomo wake mwenyewe! Aende nyikani!" Wanyama wote wakapokea kelele hizo. Fisi akaanza kulia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa yalimhusu yeye.

Simba aliendelea kuosha. Hakuruka hata ukucha. Alipomaliza akaikausha miguu ya Fisi kwa taulo, kisha akasimama.

"Nyikani haendi mtu," alisema.

"Mzee," alisema Ngiri, "hiyo ni huruma au ni uchovu?"

"Sijamaliza. Digidigi hana kosa, na aliyemsingizia amwombe radhi sasa hivi. Fisi halindi tena kitu chochote bondeni. Miiba ataing'oa kwa meno yake. Kila asubuhi atachota maji mbele ya macho yetu. Atamchotea Digidigi na mwanawe kwanza, kisha wengine wote, wala hataonja mpaka kila mmoja ametosheka."

"Na mimi nitakunywa lini?" Fisi aliuliza.

"Kabla yangu."

Kesho yake asubuhi Simba alitoka pangoni, akaenda kisimani kwa miguu yake, akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya Fisi. Digidigi alikunywa, na mtoto wake, na wengine wote. Fisi alikunywa kama Fisi. Simba akainamia kilichobaki, akanywa, akainua kichwa.

"Yakoje, mzee?" Kobe aliuliza.

"Yana udongo kidogo," alisema Simba, "lakini yananyweka."

Akajipangusa kidevu mwenyewe.

Mkubwa ni jalala.