Siri ya Ngozi ya Bi Sikudhani

Kulikuwa na tajiri, Bwana Mkanga, aliyejitwalia kisima cha kijiji, watu wakabaki na kiu. Usiku alifungulia mbwa wakali. Mchana alikilinda mwenyewe juani, mpaka uso ukamkunjamana kama ukwaju mkavu.

Siku moja akamshika mkono Bi Sikudhani, kikongwe mwenye ngozi nyororo. "Nipe siri yako, la sivyo utahama!"

"Jua ndilo linalokuzeesha, bwana wangu. Shinda ndani mpaka magharibi, ujipake mafuta ya nazi."

Miezi ikapita. Mkanga akajitazama kiooni, akachekelea, akamwita Bi Sikudhani aliyekuwa akipita dirishani. "Bibi, hukunidanganya! Nimelainika!" Ghafla akashtuka. "Lakini mchana kisima changu kinalindwa na nani?"

Bi Sikudhani akaiweka sawa ndoo kichwani, maji yakamwagika kidogo.

"Na jua, bwana."