Darmi na Maua Mekundu ya Mchangani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wa jangwani, ambako hata kivuli ni cha kuazima. Niendelee?

— Endelea, Bibi, ila usitutishe sana.

Nitawatisha kidogo tu.

Hapo zamani za kale, nge alimuuma Elema, mtoto ambaye hata kutembea hajajua. Mama akampakata, akamwambia binti yake Darmi, mchunga mbuzi: "Kimbia, mwanangu, ulete ua jekundu la dawa. Lakini liko jekundu jingine, hilo linaua. Usikosee." Kwa haraka akasahau kumwambia tofauti yake.

Darmi akaenda, akaenda, akaenda. Upepo ulilia kama mtu. Akaona ua jekundu, zima, zuri.

"Nichume," likasema. "Mwili wa ndugu yako unakuwa baridi."

Darmi akanyoosha mkono, lakini kwanza akauliza, "Nani hula kwako?"

"Hakuna anayethubutu hata kuninusa."

Akarudisha mkono. Akaenda, akaenda. Akaona ua jingine, kubwa zaidi, jekundu zaidi.

"Nichume, Darmi. Midomo yake inabadilika rangi."

— Bibi, limejuaje jina lake?

Ndilo lililomwogopesha. Akauliza, "Nani hula kwako?"

"Wengi. Hawaondoki hapa."

Darmi akatazama chini. Nyuki walikuwa wamelala mchangani, miguu juu. Akatimua mbio, na ua likamwita kwa sauti ya mama yake.

Akaenda, akaenda, akajikwaa kwenye ua dogo, limechakaa.

"Usinitazame," likasema. "Mbuzi wamenitafuna, nimebaki nusu."

"Mbuzi wa nani?"

"Wako. Jana, na juzi."

Darmi akawakumbuka mbuzi wake. Asubuhi ile wote walikuwa wamesimama zizini, wakigombana. Akalichuma. Hata hivyo alitaka kuhakikisha. Akatafuna jani moja, akakaa akingoja kufa. Hakufa. Akakimbia.

Mama akalikamulia kinywani mwa Elema. Wakangoja, wakangoja. Kisha Elema akatema, akalia kwa hasira, maana ua lile lilikuwa chungu. Mama naye akalia.

— Yale mengine yalikuwa mabaya, Bibi?

Sijui, wajukuu zangu. Pengine yalichoka kuliwa. Lakini nyinyi, hofu ikiwaharakisha, msichume linalowaita. Ulizeni kwanza nani amelila na bado anatembea.

Yangu yameishia hapo. Funikeni moto, mlale.