Visu Arobaini vya Nyani na Mtama wa Bi Pimbi

Hadithi ije?

— Ije!

Ije na chumvi?

— Ije nayo!

Na uongo je?

— Kidogo tu!

Haya, kidogo nitakachoweza. Sogeeni. Na wewe unayeniangalia mikono, niangalie usoni, huku ndiko hadithi inakotokea. Shati la mikono mirefu nimelivaa kwa sababu zangu.

Palikuwa na kijiji kinaitwa Majabalini. Mawe juu ya mawe, na katikati ya mawe mashamba ya mtama. Hapo alikaa Bi Pimbi, mjane, umbo lake halizidi mkate wa boflo. Alikuwa na watoto sita na kisu kimoja. Kisu chenyewe kifupi, mpini ulipasuka zamani ukafungwa kwa kamba ya mgomba. Kwa kisu hicho alimenya mihogo, alipasua maboga, na kila mwaka alikatia masuke ya mtama. Mtama huo ndio uliowalisha mwaka mzima, hakukuwa na kingine.

Na hapo hapo alikaa Nyani. Dume la mabega mapana, meno marefu, manyoya ya shingoni yamemwagika mpaka kifuani. Nyani akipita, watu wanasogea. Mwizi hakuwa, tuseme ukweli. Nyani alikuwa mwazimaji. Akiona kisu mkononi mwa mtu, macho yanamlegea.

"Hebu nikishike kidogo."

Unampa. Utafanyaje, na meno yale? Anakigeuza huku, anakigeuza kule. Ananusa ala yake, anafumba macho, ananusa tena. Kisha anapima ukali kwenye mkono wake wa kushoto, kwaru, manyoya yanadondoka chini. Halafu kisu anakitia kapuni.

"Kitapumzika kwangu," anasema. "Wewe unakichosha."

Hivyo kilikwenda cha Digidigi. Hivyo kilikwenda cha Nungunungu. Hivyo kilikwenda cha Kobe, ambaye alikirithi kwa bibi yake. Na mwisho, hivyo hivyo, kilikwenda cha Bi Pimbi. Vikatimia arobaini, na Majabalini nzima hakikubaki hata kisu cha kukatia limau.

Sasa niulizeni alivifanyia nini. Niulizeni, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Hakukata kitu. Chungwa alimenya kwa meno. Nyama alirarua kwa meno. Mkewe, Bi Nyani, alikatia mboga kwa kigae cha chungu kilichovunjika, eti kitunguu kinawachafua. Ndiyo, visu alivisema kama watu. Alivipa majina: huyu Radi, huyu Mwanamwali, huyu Tulizo la Moyo. Kila asubuhi alivitandikia mkeka, akavipaka mafuta ya nyonyo kimoja kimoja, akavisalimia. Watoto wake mwenyewe hakuwasalimia, lakini Tulizo la Moyo aliulizwa kaamkaje.

Kulikuwa na kimoja cha kukunja. Hicho hakikumtoka mkononi. Anakifungua, anakifunga, kacha, kacha, kacha. Kobe alikwenda kumpa habari ya msiba wa mjomba wake, mtu mzima analia, na Nyani yuko kacha, kacha, kacha.

Akitoka kwenda mahali alivaa vinne kiunoni, akazunguka kijijini akitega sikio, labda atatokea mtu aulize, "Jamani, nani ana kisu hapa?" Siku moja Digidigi aliuliza, ana kamba imemnasa mguu. Nyani akachomoa kimoja taratibu, akakiinua juani watu wakione, akakirudisha alani.

"Mbona unakirudisha?" akauliza Digidigi.

"Umeuliza nani anacho. Nimekujibu."

Na akipata kipya, mkewe asijue, anakizika ndani ya pipa la unga. Bi Nyani akichota unga anakikuta.

"Na hiki kimetoka wapi, baba watoto?"

"Hicho? Hicho ninacho siku nyingi, mke wangu."

Ugali wa nyumba ile ulinuka mafuta ya nyonyo, na watoto wa nyumba ile walishinda wanakimbilia kichakani. Ningekuwa mimi Bi Nyani, pipa lile ningemvika kichwani.

Basi, mtama ukaiva. Ukaiva wote kwa pamoja, masuke yameinama. Na siku hiyo hiyo habari ikafika kwamba kwelea wameonekana bonde la pili, wale ndege wadogo wanaotembea kama wingu na kuliacha shamba bua tupu. Kwa mwendo wao, keshokutwa wangekuwa Majabalini.

Bi Pimbi aliingia shambani na kikapu, hana kisu. Alijaribu kuvunja masuke kwa mikono, mabua yakamchana vidole. Alijaribu kwa meno, meno yakaingia ganzi. Kutoka asubuhi mpaka jua la utosi hakujaza hata nusu kikapu. Akaweka kikapu chini, akaenda kwa Nyani.

"Bwana Nyani, shikamoo. Nimefuata kisu changu. Nikate mtama, kisha ukitaka nitakurudishia."

Nyani alikuwa mkekani na mafuta yake. "Mtama? Huyu akakate mtama? Atapata mikwaruzo."

"Amekata mtama miaka kumi na miwili."

"Ndiyo maana namhurumia."

"Bwana Nyani, kwelea wanakuja. Nina watoto sita."

"Mimi nina arobaini," akasema Nyani, na alisema kweli kutoka moyoni. Kisha akaonyesha meno. "Ukirudi hapa kukiomba, Bi Pimbi, nitavijaribia kwenye ngozi yako."

Bi Pimbi alitoka mbio. Msidhani ni woga. Ilikuwa hasira tupu, hasira ya mtu anayenyimwa chake na kufanywa mkosaji. Watoto wakamuuliza, "Mama, tutakula nini?" Yeye alikuwa anafikiri juu ya ule mkono wa kushoto. Ulikuwa kipara kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni, laini, unang'aa, na muda wote wa mazungumzo Nyani alikuwa akiuficha nyuma ya mgongo.

Jioni akapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi yake wote walikuja na vikapu vyao, wakajificha nyuma ya mawe karibu na kwa Nyani. Bi Pimbi akaingia peke yake.

"Nilikuambia nini jana?" akanguruma Nyani.

"Sikuja kuomba kisu. Nimekuja kwa sababu ya ubishi. Nungunungu anasema kwamba katika visu vyako mkali kuliko wote ni Radi. Mimi nasema ni Mwanamwali. Tumebishana mpaka sauti zimekauka."

Nyani akaacha kacha kacha. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za visu vyake. Machozi yakamlengalenga.

"Unamjua Mwanamwali?"

"Nani asiyemjua?"

"Kaa, mama, kaa. Nitakuonyesha sasa hivi." Akamchukua Mwanamwali, akanyoosha mkono wa kushoto, halafu akakumbuka, akaurudisha nyuma upesi.

"Usione haya," akasema Bi Pimbi. "Huo ni mkono wa mjuzi. Tatizo ni kwamba hauna kitu tena. Huoni utamdhulumu Mwanamwali, kumjaribia pasipo na manyoya?"

"Kweli, nitamdhulumu."

"Basi mpe wa kulia."

Kwaru, kwaru. Mkono wa kulia ukawa mweupe.

"Mkali," akasema Bi Pimbi. "Kumbe Nungunungu hana lake. Lakini Radi je? Atasema kaonewa."

"Kweli, atasema kaonewa."

"Basi mpe paja."

Kwaru, kwaru. Paja likawa jeupe.

"Mkali naye. Lakini Tulizo la Moyo je? Atasema kaonewa."

"Kweli, atasema kaonewa."

"Basi mpe paja la pili."

Kwaru, kwaru. Ikawa hivyo. Kisu cha nne kikapata tumbo, cha tano kikapata mbavu. Kikaja cha Kobe, kikaja cha Digidigi, kila mmoja na kipande chake, na kila mmoja alisifiwa. Nyani alikuwa katika raha ambayo hata harusini kwake hakuipata. Mgongo asipofika, Bi Pimbi alimshikia. Alipofika kwenye manyoya ya shingoni, yale yaliyowafanya watu wasogee njiani, alisita kidogo.

"Wamebaki wanane," akasema Bi Pimbi. "Utawaambia nini?"

Kwaru. Manyoya ya shingoni yakaanguka mkekani. Kwaru, nyusi. Kwaru, mkia, mpaka ncha.

Kikabaki kimoja, kile kifupi chenye kamba ya mgomba. Nyani akajipapasa kichwani, akajipapasa kwapani, akajipapasa kila mahali.

"Huyu sina pa kumjaribia," akasema kwa huzuni ya kweli.

"Nipe mimi," akasema Bi Pimbi, akakichukua. "Nitamjaribia kwenye mtama."

Akatoka, akauacha mlango wazi.

Nyani aliruka kumfuata, meno nje. Hatua ya kwanza, upepo ukaingia mlangoni ukampiga mwili mzima. Akajiangalia. Nyani, kama mjuavyo, ana mahali pa kukalia pasipo na manyoya, na hilo watu wamelizoea. Sasa Nyani mzima alikuwa amefanana na pale pa kukalia. Na huko nje, nyuma ya kila jiwe, ameinuka mtu na kikapu, wanakuja.

Akageuka kulia, hakuna pa kujificha. Akageuka kushoto, akaona pipa la unga. Akaingia, chubwi, akavuta kifuniko.

Watu wakaingia. Digidigi akachukua chake. Nungunungu akachukua chake. Kobe akakifuta mafuta kile cha bibi yake, akakiweka begani. Wakati huo Bi Nyani akarudi kutoka kisimani, akashika kata achote unga wa uji, akafunua pipa. Ndani mna kitu cheupe, kipara, kimejikunyata, kinapepesa macho.

"Mama watoto," wakauliza watu wa Majabalini, "hicho ni nini?"

Bi Nyani akakiangalia kwa muda mrefu. Akauangalia mkeka umejaa manyoya. Akakiangalia kigae chake cha kukatia mboga.

"Huyo?" akasema. "Huyo ninaye siku nyingi."

Akafunika pipa, akajichagulia Mwanamwali, akatoka na wenzake kwenda shambani.

Walikata kutwa, cha, cha, cha, mashamba yote, hata la Nyani. Kesho yake kwelea wakafika, fruuu, wakatua, wakakuta mabua. Wakaenda zao wakitukana. Watoto sita wa Bi Pimbi wakala ugali wa mtama mwaka ule wote, na kisu kilipata mikwaruzo mitatu. Nyani alikaa ndani miezi minne akisubiri manyoya yaote.

Hadithi nimeikata hapa. Kipande kitamu chukueni, kilichochacha niachieni.

Na funzo mlishike sawasawa, nisije kulirudia. Kisu ni kitu cha heshima. Kisikatie mtama, kisikatie kitunguu, kisiazimwe kwa mtu yeyote mwenye shamba. Kipakwe mafuta, kiitwe jina lake, kikae mahali pakavu. Kosa la Nyani lilikuwa moja tu, hakuwa na shati.

Mnacheka nini? Nimesema mikono mirefu nimeivaa kwa sababu zangu. Na hiki hapa kiunoni, mkikutana na mama watoto njiani akawauliza, mwambieni ninacho siku nyingi.