Neno Alilolitoa kwa Myuti

Jina la mtu haliulizwi kwa adui yake. Vijana walioisikia methali hii walimuuliza mzee wao ilikotoka, naye akawajibu kwamba ilianza hivi.

Eusebio alikuwa mfugaji wa kondoo katika vijiji vya Wahispania vya Meksiko Mpya. Dada yake, Leokadia, alikuwa ametekwa na wapanda farasi wa nyikani, na mwaka ule ulikuwa wa tano. Eusebio akakusanya mablanketi, unga na visu vya kumkombolea, akamchukua mtu wa kabila la Wayuti amwongoze. Njiani akamuuliza, "Watu hawa wanaitwaje?"

"Komanchi," Myuti akajibu.

Baada ya siku kumi na mbili waliiona kambi, na Myuti akabaki nyuma. Eusebio alikaribishwa hemani, wazee wameketi duara. Kiko kikapita mkono kwa mkono. Desturi ya pale ilijulikana: aliyekwisha kuvuta, neno lake ni kiapo. Leokadia aliitwa awe mkalimani. Eusebio akavuta, akakohoa, akasema, "Enyi Komanchi, nimekuja kwa amani."

Leokadia akafumba macho. Hakuhitajika kulitafsiri neno lile, kwa kuwa lugha ya Wayuti na ya wenyeji wale ni za ukoo mmoja. Mkubwa wa baraza, Pembe-Kavu, akanena, na Leokadia akageuza maneno yake:

"Anasema neno hilo maana yake ni adui. Umevuta kiko chao, kisha ukaapa kwamba wao ni adui zako."

"Sikujua, mzee wangu! Ni Myuti aliyeniambia."

"Tunapigana nao tangu hujazaliwa," akasema Pembe-Kavu. "Ulitaka watuite mashemeji? Maadui wetu wengine, Wacheyeni, hutuita nyoka. Shukuru hukupitia kwao."

Hema zima likacheka. Eusebio hakucheka. "Nilifuteje neno langu?"

"Kiapo hakifutiki majira haya, hadi nyasi mpya zichipue. Na adui hapewi mtu. Nenda."

Leokadia alimfuata hadi kwenye nyumbu wake. "Miaka mitano nakungoja, kaka! Ukauliza swali moja tu, tena kwa adui yao!"

"Basi niambie wewe. Wanaitwaje?"

"Mimi ni mateka wao, usiniulize. Rudi uwaulize wenyewe."

Nyasi zilipochipua alirudi, bila kiongozi. Kabla ya kufika kwenye mahema alishuka, akamwendea mwanamke aliyekuwa akikwangua ngozi ya nyati, ambaye, kama baadhi yao, alijua Kihispania.

"Shikamoo, mama. Ninyi mnajiitaje?"

Mwanamke akamtazama kwa mshangao. "Numunuu. Yaani watu. Kwani wewe ulidhani nini?"

Hemani Eusebio alivuta kiko, akawaita hivyo, akatandaza mbele yao mablanketi, unga na visu vya kumkombolea dada yake. Pembe-Kavu akaitika kwa kichwa. Leokadia alipanda nyumbu siku ileile, akiwa amekonda kwa baridi ya majira ambayo hakupaswa kuyamalizia pale.

Vitabu vingi hadi leo vinawaita watu hao kwa neno la Wayuti. Eusebio hakulitamka tena, na kila aliposikia mtu akilitumia alimwambia: jina la mtu haliulizwi kwa adui yake.