Kiboko na Kifungu cha Kubadili Katiba

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, saa saba na robo mchana. Hiyo ndiyo saa mambo yalipobadilika kwenye Bwawa la Mtitu. Ishikeni vizuri, tutaifikia. Kwanza niitikieni.

Ngano iko mlangoni!
*Ifungulieni!*
Imekuja na nani?
*Na mkubwa na mdogo!*
Nani atalia leo?
*Simulia tumjue!*

Basi. Wanyama wa Bwawa la Mtitu walikuwa na katiba. Haikuandikwa popote. Kila mnyama aliishika kichwani, na vifungu vyake vilikuwa vitatu.

Cha kwanza: mlinzi wa bwawa hukaa masika mawili, kisha humpisha mwingine. Cha pili: wadogo hunywa kwanza, kabla wakubwa hawajavuruga tope. Cha tatu: katiba haibadiliki mpaka theluthi mbili ya wanywaji wainue mguu.

Kile cha pili hakikuwapo tangu mwanzo. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali wakubwa waligombania maji, wakamkanyaga mume wa Pimbi, akafa pale pale ukingoni. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabali, hamzidi sungura, na mkia hana. Alimzika mumewe. Kisha akapita kwa kila mnyama akiomba mguu mmoja mmoja, mpaka theluthi mbili ikatimia. Tangu hapo wanawe watatu walikunywa maji safi.

Mlinzi wakati huo alikuwa Kiboko. Masika yake mawili yalikuwa yanakwisha, naye ulinzi ulikuwa umemkolea. Jumatano hiyo, asubuhi na mapema, akawaita wote.

"Hoo-ho-ho! Nataka tufute kifungu cha kwanza. Na cha pili nacho! Pimbi anywe, mimi nisubiri? Inueni miguu!"

Viboko wakainua. Mamba wakainua. Nyati wakainua, shingo upande. Wadogo hawakuinua. Ikawa nusu tu.

Kiboko akapiga mguu chini, puu! "Tutarudia kesho! Na kesho kutwa! Mpaka mchoke!"

Pimbi akasogea mbele, polepole.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuinua mguu?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Utatuita mara ngapi? Leo kifungu hiki, kesho kile. Badili kimoja tu, kile cha tatu. Sema hivi: katiba hubadilishwa na yeyote aliyekaa juu ya Jiwe la Neno, akitamka mara tatu. Basi. Hutamwomba mtu mguu tena."

Jiwe la Neno lilikuwa jabali jeusi, pana, lililo wazi katikati ya uwanja. Kiboko akalitazama. Akajitazama. Akacheka mpaka masikio yakatikisika.

"Pimbi, wewe una akili kuliko mwili wako!"

Digidigi akamnong'oneza Pimbi, "Shangazi, umetuuza?"

"Inua mguu, mwanangu. Halafu tazama jua."

Wakainua. Theluthi mbili ikapita. Kiboko akapanda juu ya jiwe, hu! hu! hu!, akakaa.

"Mlinzi ni mimi mpaka nife!" Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu. Katiba ikabadilika.

"Wadogo watakunywa mwisho!" Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu. Katiba ikabadilika.

Wana wa Pimbi wakaanza kulia, kwii, kwii. Mama yao hakugeuka.

"Na majani ya ukingoni, Bwana Mkubwa?" akauliza. "Umeyasahau?"

"Ni yangu!" Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Na tope lile laini?"

"Langu!" Mara tatu.

"Na kivuli cha matete?"

"Changu!" Mara tatu. Sauti yake ilimpendeza mwenyewe, kila neno akalivuta kama anaimba. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Jiwe likaanza kuchoma, tsss. Ngozi ya Kiboko ikatoka jasho jekundu, ikakauka, ikaanza kupasuka, kra! kra!

Ndipo akakumbuka. "Mwingine yeyote asipande jiwe hili!" Akasema mara ya kwanza. Kra! Akasema mara ya pili. Kra! kra! Akafungua kinywa kwa mara ya tatu. "Mwingine ye... ye... yeleuwi!"

Akaruka chini, akakimbia, akajitupa majini. Chubwiii!

Saa saba na robo. Pimbi akapanda. Yeye na jiwe lenye moto ni ndugu, ndiko anakoota jua kila siku.

"Shuka!" Kiboko akapiga kelele majini.

"Njoo unishushe, Bwana Mkubwa."

Kiboko akatoa pua nje. Jua likamgusa. Akairudisha.

Pimbi akasema kwa sauti yake ndogo, "Yote yaliyotamkwa leo juu ya jiwe hili yamefutwa." Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanyama wakapiga vigelegele.

"Baki huko huko, Shangazi!" Digidigi akapaza sauti. "Ututawale wewe!"

Pimbi akatikisa kichwa. "Leo lipo jua. Mvua ikinyesha nitashuka mimi, na hapa atapanda nani?" Kisha akatamka la mwisho: "Aliye juu ya jiwe peke yake habadili kitu. Theluthi mbili irudi." Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu wakaitamka wote pamoja, na nyati nao wakaunguruma, safari hii kwa moyo wao.

Akashuka. Wanawe wakanywa kwanza. Masika yalipofika, Kiboko akampisha mwingine.

Ngano imeshatoka mlangoni.
*Imeacha nini?*
Imeacha funzo: katiba isiguswe na mmoja peke yake, hata neno moja. Na anayetaka kutawala milele, aanze jioni.

Nami niliachiwa ngano hii na mume wangu, Mbaruku. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, na siku ya kiu kubwa amnyweshe katika Hodhi ya Mtume, yeye na wote waliotutangulia. Amina.