Kilio Kilichovuka Bonde

Kilio cha sindano hakina matanga. Mmelisikia neno hili leo kwa mama zenu, mkacheka, kisha mkataka kujua limetoka wapi. Basi tulieni. Halikuzaliwa mbali, lilizaliwa kwenye mteremko huu huu wa Usambara, siku ambayo watu walikuja kumzika mtoto aliye hai.

Shemweta alikuwa mpasua mawe. Alikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yake yalikuwa na haki: hakukuwa na jabali lililomshinda, wala hakuna aliyewahi kumsikia akilia, isipokuwa siku alipomzika Salehe, mtoto wake wa kwanza, aliyechukuliwa na kifaduro. Siku ile alilia kwa sauti, na haikuwa aibu. Kwetu mwanamume halii kwa sauti ila mbele ya maiti. Ndiyo maana kilio cha mwanamume kikisikika mlimani, hakuna anayeuliza. Watu hulaza majembe, wanawake hujifunga kanga kiunoni, wakabeba unga, kuni na mikeka, wakaelekea kilikotoka kilio.

Mungu akawajalia mtoto mwingine, msichana, wakamwita Tausi. Wiki zake za kwanza Shemweta hakulala vizuri. Alikuwa akisikiliza kama mtoto anapumua. Muuguzi alipokuja kutoa chanjo katika ofisi ya kijiji, Zaina, mkewe, alimwambia kwamba atambeba mtoto mpaka mlangoni, lakini kumshika achomwe hataweza. Shemweta akamcheka. Akasema mikono iliyopasua majabali haitashindwa na kijisindano.

Akaketi kwenye benchi, akampakata Tausi. Matone ya mdomoni mtoto aliyameza vizuri, akalamba midomo. Kisha sindano ikaingia paja la kulia. Mtoto akapanua kinywa, asitoe sauti. Uso ukaiva, ukageuka zambarau, na kinywa bado ki wazi, kimya. Shemweta aliujua ukimya ule. Salehe alikohoa mpaka pumzi ikamwishia, akapanua kinywa hivyo hivyo, na hakurudi. Kabla Tausi hajaivuta pumzi yake, baba mtu alikuwa ameshaangua kilio kilichovuka bonde.

Ndipo mtoto naye akalia, kilio kinene cha mwenye mapafu mazima. Lakini Shemweta alikuwa tayari anamviringisha kangani. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba paja la kushoto bado, na kwamba hiyo iliyobaki ndiyo yenye kinga ya kifaduro. Yeye akasema imetosha. Mtoto wake hachomwi tena, si leo wala kesho.

Walibishana kitambo kirefu; alipofika mlangoni, njia ilikuwa imejaa watu. Mbele yao alikuwa shangazi yake, Bi Mkunde, kanga kiunoni, mkeka kichwani, analia tayari.

"Maiti iko wapi, baba?" akauliza.

Tausi akapiga ukelele ndani ya kanga. Bi Mkunde akakikatiza kilio chake, akafunua, akachungulia.

"Hii ndiyo maiti? Mbona inalia kutushinda sisi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja aliyekuja na mzigo wa kuni akataka kujua kama mpasua mawe leo amefiwa na nyundo. Shemweta akainamisha uso, akatafuta pa kupita. Aliyemzibia njia ni Zaina.

"Baba Salehe," akasema, na jina hilo halikuwa limetamkwa baina yao tangu mazishi. "Siku ile Salehe alilia?"

"Hakulia."

"Hakuwa na pumzi ya kulia. Tuliolia ni sisi. Huyu analia mwenyewe, nawe unamkimbiza asilie. Haya, pita. Lakini kifaduro kikija kubisha hodi, mlango utakifungulia wewe."

Kicheko kikafa. Shemweta akageuka, mtoto akimlilia kifuani. Akarudi kwenye benchi, akaifungua kanga kwa mkono wake mwenyewe, akaushika ule mguu mdogo. Sindano ikaingia. Kinywa kikapanuka, ukimya ukaja tena. Naye akauvumilia, meno yameumana, machozi yakimtiririka bila sauti, mpaka Tausi alipolia na waliokuwa nje wote wakasikia.

Bi Mkunde akashusha pumzi. "Nendeni mkachukue majembe yenu," akawaambia watu. "Kilio cha sindano hakina matanga."

Wanaume wakaondoka wakitaniana. Wanawake wengine hawakuondoka. Walikuwa na watoto mgongoni ambao hawajawahi kuletwa hapo, kwa kuwa wao wenyewe walikiogopa kilio hicho hicho. Wakajisogeza mmoja mmoja, wakapanga foleni mlangoni, nyuma ya Zaina.

Ofisi ile ililia mpaka jua la utosi. Kila mtoto alipoangua kilio, waliokuwa mashambani waliinua vichwa, wakasikiliza, wakaendelea kupalilia. Kilio cha sindano hakina matanga.