Majivu ya Bi. Semeni

Ramani ya jiko ni nyayo za mpishi. Neno hilo mmelisikia asubuhi hii kwa mama yenu, alipokuwa akibishana na mjenzi wake, nanyi mkacheka mkidhani amelitunga kwa hasira. Hakulitunga. Lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa Muheza aliyeitwa Bi. Semeni. Sogeeni basi niwaeleze lilikotoka, na mwenye simu mkononi aiweke chini.

Bi. Semeni alikuwa mpishi. Sisemi kwamba alijua kupika, maana kujua kupika wanajua wengi. Yeye alikuwa mpishi kama mwingine alivyo fundi cherehani. Mtaani kwao shughuli haikuitwa shughuli mpaka yeye ashike upawa. Kwa miaka thelathini alipika uani, katika banda la makuti lenye mafiga matatu na moshi wa kumtoa panya shimoni, lakini kila kitu kilikuwa pale alipokitaka. Mtungi wa maji ulikuwa kushoto kwake, kuni nyuma yake, na mbuzi ya kukunia nazi kando ya moto. Alikuwa akiketi juu ya mbuzi ile, anakuna nazi huku anakitazama chungu, na chungu hakikuwahi kumshinda.

Mwanawe wa pekee, Hatibu, alikuwa akifanya kazi ofisini Dodoma. Alimpenda sana mama yake, na kila alipokuja likizo alimkuta macho mekundu. Siku moja akasema, "Mama, moshi huu utakupofua. Nakujengea jiko la kisasa ndani ya nyumba." Hapo alisema kweli, wala mtu asimlaumu. Banda likavunjwa, majivu yake yakamwagwa nyuma ya nyumba, akaitwa Fundi Mhando, mjenzi hodari kuliko wote pale mjini. Mhando akaja na futi yake na picha ya jiko iliyokatwa kwenye kalenda. Akapima ukuta, akapima mlango, akapima dirisha. Bi. Semeni aliulizwa jambo moja tu: anataka kuta za rangi gani. Akajibu kijani.

Lilipokamilika, jiko lile lilikuwa bibi harusi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu inayong'aa. Jiko la gesi lilikaa upande wa dirishani na sinki upande wa pili kabisa, ili mabomba yafichwe yasionekane. Kwenye ukuta wa ndani palisimama kabati la vioo lililojaa vikombe vya maua, na rafu zilipanda karibu na dari. Macho hayana pazia, majirani walikuja makundi kwa makundi kutazama. Bi. Semeni mwenyewe alilia kwa furaha, tena furaha ya kweli.

Wiki ya kwanza aliunguza wali. Alicheka, akasema gesi ina kiherehere. Wiki ya pili akaunguza maharage, na safari hii hakucheka. Wiki ya tatu alikuwa kibarazani akikuna nazi aliposikia sufuria inafurika ndani. Akanyanyuka mbio na bakuli la tui, mguu ukateleza kwenye ile sakafu nzuri, akajishikiza kwenye sufuria ya moto, na mkono ukababuka hadi kwenye kiwiko. Basi mtaa ukapata la kusema. "Bi. Semeni kazeeka. Jiko zuri namna ile, bado anaunguza!" Wakakumbushana kwamba lisemwalo lipo. Kilichomuumiza zaidi ya kuungua ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuwaamini.

Wakati huo zilibaki siku tisa kufika akika ya mtoto wa kwanza wa Hatibu. Hatibu alifika, akauona mkono wa mama yake umefungwa bandeji.

"Mama, pumzika," alisema. "Nimeshazungumza na wapishi wa Tanga. Watakuja na masufuria yao, wewe utakaa na wageni."

"Akika ya mjukuu wangu ipikwe na watu nisiowajua hata majina?"

"Si kwa ubaya, mama. Ni umri tu. Nitakutafutia na msichana wa kukusaidia, jikoni usiingie tena."

Bi. Semeni aliinuka. Alitoka nje hadi kibarazani akaketi juu ya mbuzi yake, machozi yakimtiririka, maana mpishi akiambiwa asiingie jikoni ni kama ameambiwa asiingie nyumbani kwake. Akiwa amekaa pale, kuku mmoja aliyekuwa akijipaka majivu nyuma ya nyumba alipita mbele yake. Alipita akiacha nyayo nyeupe juu ya saruji, moja kwa moja hadi kwenye sahani ya pumba. Bi. Semeni akazitazama nyayo zile. Akafuta machozi, akainuka.

"Hatibu! Kesho mlete Mhando. Mtakaa mlangoni mnitazame nikipika. Nikishindwa, upawa nitakukabidhi kwa mkono wangu."

Asubuhi yake alichota majivu ya mafiga yake ya zamani, akayachekecha kama unga, akayanyunyiza juu ya ile sakafu nyekundu mpaka ikawa kijivu kitupu. Hatibu alidhani mama yake amerukwa na akili. Wanaume wawili wazima wakaketi mkekani nje ya mlango wa jiko, na Bi. Semeni akavua viatu, akaingia, akapika wali wa nazi, samaki na mchicha. Hakufanya haraka, wala hakujivuta. Alipika kama apikavyo kila siku, na wali ukashika chini kama kawaida yake ya siku zile.

Alipomaliza, akawaita. "Haya, tazameni. Msikanyage."

Kati ya sinki na jiko majivu yalikuwa yamekwisha, umebaki mstari mwekundu kama njia ya ng'ombe ya kwendea kisimani. Njia nyingine ilikata jikoni na kutoka nje. Mbele ya kabati la vioo majivu yalikuwa vilevile yalivyonyunyizwa, hakuna unyayo hata mmoja.

Fundi Mhando alivua kofia. "Mama, hii ya mlangoni inakwenda wapi?"

"Ifuate."

Akaifuata ameinama, akatoka, akarudi. "Inaishia kwenye mbuzi ya nazi."

"Ndiyo. Humu ndani hukuniachia pa kuweka mbuzi. Nikitaka tui natoka nje. Nikiwa nje, wali unaungua. Nikisikia harufu nakimbia, na nikikimbia naanguka."

"Sasa mbona hukusema, mama?" Hatibu aliuliza.

"Mliniuliza rangi."

 Mhando akasema kwa sauti ya chini, "Nimepima kila kitu humu, ila mpishi sikumpima." Hatibu akatafuta ufagio, fundi akamzuia. Akachutama, na kwa kidole chake akachora jiko jipya juu ya yale majivu, akiuliza kila mstari, na Bi. Semeni akijibu.

Walifanya kazi siku tano. Sinki likahamishwa kando ya jiko, na mabomba yakaachwa yaonekane. Kabati la vioo likapelekwa sebuleni, kwenye mambo ya kutazamwa. Bi. Semeni alinyoosha mkono, na rafu zikakomea pale kiganja kilipofika. Pembeni ya jiko kikajengwa kibaraza kifupi cha saruji, mbuzi ikaketi juu yake kama malkia.

"Na wale wapishi wa Tanga?" Hatibu aliuliza.

"Waje," alisema Bi. Semeni. "Waje kula."

Wakaja. Siku ya akika pilau ilipakuliwa watu wakitoka kuswali adhuhuri, mchele umechambuka, nyama laini, wala sufuria moja haikushika chini. Vigelegele vilianzia uani vikafika barabarani. Wale waliosema kazeeka waliomba kuongezewa, na Bi. Semeni akawaongezea, tena ukoko mtamu wa juu, ule wa makaa ya kifunikoni, aliuita zawadi yao. Mkuu wa wapishi wa Tanga alipoingia jikoni alizunguka akigusa hiki na kile, kisha akauliza, "Jiko hili ramani yake kachora nani?"

Fundi Mhando akaonyesha miguu ya Bi. Semeni, mitupu, ina vumbi la unga.

"Hiyo hapo," akasema. "Ramani ya jiko ni nyayo za mpishi."

Neno likashika. Leo linasemwa hata mahali pasipo sufuria, kila mkubwa anapompangia mtu kazi asiyoifanya yeye. Bi. Semeni alipika miaka kumi na miwili zaidi, na upawa hakumkabidhi mtu mpaka alipotaka mwenyewe.

Na yule mjenzi wa mama yenu bado yuko pale na picha yake. Mmoja wenu akamchekechee mama majivu, maana ramani ya jiko ni nyayo za mpishi.